Nadège, B yako imekuwa kumi na nne

Moyo wangu umekataa kabisa. Tumemzika Nadège jana huko Mutshatsha, mchanga nimeutupa kwa mkono wangu mwenyewe, na leo nimeamka nikitaka kumpigia simu.

Badala yake nimekutana na picha yake kwenye ukurasa wa kitivo. Mshumaa, maua, na maneno: "Tumempoteza mhitimu wetu mahiri." Mhitimu wenu? Tangu lini? Kufa kufaana, kweli!

Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Sasa sinyamazi.

Kwa msiomjua: Nadège alisoma uhandisi wa migodi hapa Kolwezi. Tulikaa chumba kimoja miaka minne, tukila bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja. Mkoba wake ulikuwa mzito kila siku kwa sababu ya mawe aliyookota njiani. "Lamba hili, utasikia mukuba," ananiambia. Mimi, mwanafunzi wa sheria, nalamba. Shaba ina ladha gani, mpaka leo sijui.

Chuo chetu kilipoungana na vyuo viwili vya Zambia kubadilishana wanafunzi, wakubwa walipiga picha wakishikana mikono. Wakamchagua Nadège aende mwaka mzima. Barua ya kumtuma waliisaini wenyewe. Ikumbukeni hiyo barua.

Huko alisoma kwa Kiingereza ambacho hakuwa nacho. Wiki ya kwanza alinitumia sauti akilia. Mwezi wa tatu alinitumia sauti akinitukana kwa Kiingereza huku akicheka. Alirudi na B karibu kila somo.

Siku ya kutangaza matokeo, mnajua desturi yetu. Jina likisomwa tu, tunakumwagia poda kichwani mpaka unakuwa mweupe kama mfuko wa unga. Baba yake, Tata Ilunga, mstaafu wa reli, alitoka Mutshatsha na kopo la poda kwenye mfuko wa koti. Muda wote alikuwa amelishika kama yai.

Wakasoma waliofaulu. Nadège hayumo. Wakasoma walioshindwa, na yeye akawa wa mwisho: "Hakufanya mitihani."

Hakufanya mitihani! Siku hizo alikuwa Zambia akifanya mitihani, kwa barua yao wenyewe!

Tata Ilunga akaniuliza, "Basema nini, mama?" Nikamweleza. Akarudisha kopo mfukoni.

Hapo ndipo njoo-kesho ilipoanza. Mara ya kwanza Nadège nilimsindikiza mimi kwa katibu wa masomo. Katibu aliigeuza karatasi ya matokeo ya Zambia juu chini; kule hutoa herufi, sisi alama kati ya ishirini.

"Huku tunaandikaka points juu ya makumi mbili. Hii B njo ngapi?"

"Tata, andikia bale ba Zambie, batakuelezea," Nadège akamwambia.

"Miye njo niandike? Weye njo uko na lazima nayo."

Nadège akaleta barua ya Zambia. Iko kwa Kiingereza, itafsiriwe. Ikatafsiriwa. Muhuri wa mtafsiri si wa Kolwezi. Ukapatikana wa Kolwezi. Kumbe aliyesaini makubaliano ya vyuo amehamishwa, na aliyekuja baada yake hayatambui. Mwisho wakamwambia arudie mwaka.

Akakataa. "Nikirudilia, njo kusema sikusomaka," aliniambia.

Kwa hiyo kila Jumatatu, zaidi ya mwaka mzima, alikwenda na faili lake la kijani. Kampuni moja ya migodi huko Tenke ilimwambia kazi ipo, lete diploma. Wakamngoja. Wakachoka, wakachukua mwingine.

Sitasema chuo kimemuua. Ni malaria, siku tatu tu. Lakini Jumatatu iliyopita alikwenda na homa, akakalishwa kwenye benchi mpaka saa ya kufunga, ndipo akaambiwa katibu yuko mkutanoni. Hilo nalisema, na anayetaka kunishtaki aje. Sheria nimesoma.

Sasa sikilizeni. Ijumaa, jeneza liko sebuleni kwa shangazi yake, katibu akaingia msibani na bahasha. Jopo la kitivo lilikuwa limekaa kikao maalumu asubuhi hiyo. Krediti zote za Zambia zimekubaliwa. Diploma imetolewa, "kwa heshima ya marehemu."

Asubuhi moja! Kazi ya asubuhi moja, na walimzungusha nayo mpaka akafa.

Tata Ilunga aliipokea kwa mikono miwili, maana ndivyo alivyolelewa. Akaisoma polepole, mstari kwa mstari. Kisha akauliza, "Tata, hii B ilikuwa ngapi?"

"Kumi na ine, tata."

"Kumbe mulijua."

Katibu akatafuta pa kukaa. Hakuna aliyempa kiti, na mimi nilikuwa nimekalia viwili.

Mzee akaingiza mkono kwenye koti. Koti lile lile, kopo lile lile. Akaenda kwenye jeneza, akamwaga poda yote kwenye nywele za binti yake, akaisambaza kwa vidole taratibu. Mama mmoja akapiga kigelegele, sauti ikamkatikia katikati. Tukammalizia sisi.

Kitivo, ondoeni ile picha. Kwenye picha yenu hana poda.

Nadège, dada yangu, umemwagiwa poda na baba yako, basi umefaulu. Faili la kijani ninalo mimi. Kwenye lile benchi wamebaki watatu wengine waliorudi kutoka Zambia, nao wanaulizwa B ni ngapi.

Kesho ni Jumatatu. Wewe usiamke, nitaenda mimi. Lala, mukubwa wangu.