Siku Sabina Alipokwenda Laivu

Hapana, Kwamboka, usinianze tena na hiyo ya "si ungezima tu simu." Ningezimaje? Simu ilikuwa kwenye uso wa ng'ombe, ng'ombe yuko mbele mbio, mimi niko nyuma na gambuti moja (ya pili ilibaki kwenye matope na nadhani iko huko mpaka saa hii). Na wewe mwenyewe ulikuwa pembeni unasoma kura kwa sauti kama msimamizi wa uchaguzi, halafu sasa unajifanya hakimu. Aibu nimeona, nakubali, jioni hii nimeshindwa hata kwenda kuchota maji, lakini wacha niandike yote vile ilikuwa, kwa sababu hapa Gesima tayari kuna watu wanasema nilimvalisha ng'ombe miwani.

Ilianza hivi. Kaka yangu Mogaka anataka kuoa. Msichana anaitwa Moraa, wa Nyansiongo, mpole, mwenye akili, yaani amempita Mogaka kwa kila kitu (samahani Mogaka). Leo wazee wa kwao walikuwa wanakuja kuangalia ng'ombe za mahari, na hapa kwetu kuna ujanja ambao kila boma inaufanya na hakuna boma inaukubali: wageni wakija kuangalia, unawaonyesha zile ng'ombe mbavu zinahesabika, na ile nzuri inaenda kutembelea jamaa. Kwa hivyo asubuhi Baba akaniita nyuma ya jikoni, akanong'ona, "Peleka Sabina na mtamba kwa bibi yako huko chini ya majani chai. Kaa huko mpaka wageni waende. Usirudi hata ukisikia nimekufa."

Sabina ndiye ng'ombe wa Mama wa maziwa (tulimpa jina la mama aliyetuuzia, na huyo mama mpaka leo hatusalimii). Mala yote, yaani yale maziwa ya kugandisha, ambayo Mama anauza sokoni Keumbu inatoka kwake. Mtamba naye ni wangu kwa maneno, kwa sababu Baba aliahidi nikiitwa chuo kusomea mambo ya video, huyo ndiye atauzwa nilipiwe karo. Kwa hivyo nilipotoka pale nikishika kamba mbili, nilikuwa nimeshika chakula cha nyumba mkono mmoja na maisha yangu mkono mwingine. Nilijua hivyo. Nilijua kabisa.

Lakini sasa mtu atakaa mchana wote akiangalia ng'ombe wawili wakitafuna? Na Mama alikuwa amenisumbua wiki nzima nimtengenezee tangazo la mala la kuweka mtandaoni, na mimi nimekuwa nikijifunza kwa simu vile matangazo ya maana yanapigwa, si ile ya mtu kusimama na jagi akisema "karibuni wateja." Nikamwita Kwamboka, ambaye nyumba yao inapakana na shamba la bibi, tukaanza kazi. Kwanza nikataka picha inayoteleza polepole, kwa hivyo nikalaza migomba iliyokatwa kama reli, nikakaa ndani ya wilbaro na simu, Kwamboka akasukuma, na picha iliyotoka ni mbingu, halafu miguu yangu, halafu mbingu tena. Ya pili, nikakumbuka kwamba mala ya kweli mbele ya kamera inalala tu kama uji wa jana, na wenye matangazo huwa wanaidanganya, kwa hivyo nikapiga povu la sabuni nikaliweka juu ya kikombe likasimama vizuri kabisa, mpaka bibi akatoka nyumbani akaona kikombe, akakinywa.

Akajipangusa mdomo.

"Mala ya siku hizi," akasema, "inaoga?"

Hapo ndipo nikapata ile akili (naiita akili kwa heshima tu). Nikamwambia Kwamboka, sikiza, matangazo ya sasa mtazamaji hataki kuangalia, anataka kuendesha. Tunafunga simu kwenye uso wa Sabina, watu waone dunia vile ng'ombe anaiona, tunaenda laivu, na kila njia ikigawanyika watu wanapiga kura, kushoto ama kulia, na sisi tunafuata. Mwisho tunafika kwa jagi la mala. Nani amewahi kuona tangazo kama hilo?

"Si urekodi tu kwanza?" Kwamboka akasema.

"Kurekodi ni ya wazee," nikamjibu. Hayo maneno nitazikwa nayo.

Tukakata kipande cha gunia na mpira wa tyubu ya baiskeli, tukafunga simu kwenye hatamu, katikati ya macho. Sabina hakusema kitu. Mtamba tukamwacha amefungwa kwa bibi. Nikabonyeza laivu, nikashika kamba, na kusema kweli ilikuwa tamu! Majani chai yanapita chini kama bahari ya kijani, ulimi mkubwa unaingia kwa picha mara kwa mara, watu wanacheka, watu wanaongezeka, na Kwamboka anatembea pembeni na simu yake akisoma, "Kushoto wameshinda! Sasa kulia! Mmoja anauliza kama ng'ombe ana bwana!"

Halafu akasoma swali moja. "Kuna msichana anauliza, huyu ng'ombe mzuri hivi ni wa nani?"

Na mimi, mtoto wa watu, niliyetumwa kuficha ng'ombe, nikapaza sauti kama niko jukwaani: "Ni wetu! Wa nyumbani kwetu hapa Gesima! Ndiye bora kuliko wote, analisha boma nzima, na hauzwi!"

Sikujua huyo msichana ni mdogo wake Moraa. Alikuwa kwao Nyansiongo, na mjomba wao, Mzee Ombati, ndiye alikuwa ameketi uani kwetu dakika hiyo hiyo kama msemaji wa wageni. Akamtumia mjomba kipande hicho pamoja na linki ya laivu.

Tukafika pale njia inagawanyika, kushoto mtoni, kulia nyumbani kwetu, nami nikawatangazia hivyo hivyo. Nikasema kimoyomoyo watachagua mto, mto ni mzuri kwa picha. Kumbe Nyansiongo nzima wameingia. "Kulia," Kwamboka akasoma. "Kulia. Kulia. Wote wanasema kulia." (Na jina lako pia liko kwa hizo kura, Kwamboka, nimeliona, usikatae.) Mimi nikavuta kamba kushoto, nikasema demokrasia ina mwisho, lakini saa ya kukamuliwa ilikuwa imefika na Sabina anajua ndoo yake iko wapi. Akanivuta kama mimi ndiye mtamba. Kamba ikaniponyoka, gambuti ikabaki, akaenda.

Sasa Mogaka ndiye alinieleza kilichokuwa kinaendelea uani. Baba alikuwa amesimama mbele ya zile ng'ombe mbili zetu nyembamba, mkono kifuani, anasema kwa huruma, "Wazee wangu, ugonjwa umefagia boma. Tumebaki na hizi mbili, na hata hizi zinasimama kwa neema ya Mungu tu." Wazee wanatikisa kichwa, wanampa pole. Hapo Sabina akaingia. Amenona, anang'aa, kiwele kimejaa, simu usoni.

Baba hakupepesa hata jicho. "Huyo," akasema, "ni wa jirani."

Na net ya Gesima, mnaijua, inachelewa kufika. Ndiyo kwanza simu ya Mzee Ombati ikanguruma na sauti yangu: "Ni wetu! Wa nyumbani kwetu hapa Gesima! Ndiye bora kuliko wote!"

Nilifika wakati huo huo, mguu mmoja soksi, sketi imekunjwa mpaka magotini, matope mpaka kwenye nywele. Na sisi tuna kitu tunaita chinsoni, ile heshima ya kuogopana na wakwe, hawatakiwi kukuona ovyo wala kukusikia ukipayuka, na wao walikuwa wameniona na kunisikia kwa njia mbili. Sabina akaenda moja kwa moja kwa Mzee Ombati kunusa kofia yake. Mzee anaangalia laivu kwenye simu yake, na kidogo kidogo, kwa sababu ya kuchelewa, akajiona mwenyewe ndani yake, anakuja, anakuwa mkubwa, anakuwa mkubwa, mpaka ikabaki pua yake tu.

Hakuna aliyecheka. Mogaka alikuwa amefunika uso kwa kofia.

Mzee Ombati akasimama. "Mkwe," akamwambia Baba, polepole, "ugonjwa wenu una adabu. Umekula wote, ukabakisha aliyenona." Akachukua fimbo. "Sisi tulikuja kutoa msichana kwa watu. Hatutoi kwa watu wanaoficha."

Nilimwona Mogaka akikunja kofia mikononi kama anakamua nguo. Mama alitokea mlangoni mwa jikoni, na kwa desturi hawezi kusema kitu mbele ya wazee, akasimama tu. Baba akasema, "Mzee, keti. Nimekosa." Sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Mzee Ombati hakuketi, lakini hakuondoka. "Kwa sababu ya Moraa," akasema, "kesho asubuhi tunakuja kuchukua wanne. Hizi mbili. Huyu nyota wa sinema. Na yule mwingine."

"Mwingine yupi?" Baba akauliza.

"Anayeficha mmoja huwa ameficha wawili."

Baba akaangalia chini, na hilo likawa jibu. Mtamba wangu. Karo yangu.

Jioni hii jikoni hakuna aliyenigombeza, na hiyo ni mbaya kuliko kugombezwa. Mama alikuwa anapokea simu za wateja, kwa sababu tangazo lilifanya kazi, mnaelewa, watu wa Keumbu mpaka Nyamira mjini wanataka mala ya ng'ombe wa laivu. "Nitawakamulia nini," akasema, "nitakamua simu?" Halafu akamgeukia Baba. "Na uliwaambia Sabina ana mimba? Daktari alimpima akathibitisha. Ng'ombe mwenye mimba anahesabiwa wawili. Hapo wanne wanatimia bila mtamba."

Baba akacheka bila furaha. "Mimi? Tumbo lenyewe bado halionekani. Nikisema ana mimba, Ombati atasema ni ndugu ya ule ugonjwa. Mdomo wangu umeisha mbele ya wale watu."

Halafu Mogaka, kwa mara ya kwanza tangu mchana, akaniangalia.

"Huyu," akasema, "watamwamini. Kila mtu Nyansiongo ameona hajui kuficha kitu."

Kwa hivyo nimeamua. Kesho asubuhi nitaoga kabla jogoo hajawika, nitavaa lile gauni refu la kanisani, simu nitaiacha kwa bibi, na kabla kamba ya Sabina haijabadilisha mkono nitapiga magoti mbele ya Mzee Ombati niseme kwa mdomo wangu, polepole, bila kupayuka, kwamba huyu ni wawili, na kama hawaamini tumwite daktari aje ampime mbele yao. Na wewe Kwamboka, ukija kuona, njoo mikono mitupu. Kura zimefungwa.