Mwanakheir Hajui Kungoja

Dada yangu Mwanakheir amenichosha. Hajui kungoja, na hajapata kujua. Chai anainywa ingali inachemka, na mtu akianza kumsimulia jambo, yeye hulimalizia, halafu akamlaumu kwa kusema uongo. Tangu afiwe na mumewe anapika vitumbua mlangoni kwake Jang'ombe, na hata vitumbua anavipindua kabla ya wakati.

Anayeumia zaidi ni mwanawe, Zuleikha, mtu mzima sasa. Alizaliwa na ulemavu wa viungo, hukaa kwenye kiti cha magurudumu. Akili anayo, pengine kutushinda sote, lakini neno humtoka kwa tabu, kipande kipande, na mate kidogo. Basi akifungua kinywa tu, mamake humpangusa midomo kwa pembe ya kanga na kumsemea: "Anataka maji." Hakutaka maji. Anakunywa basi, kwa kuchoka.

Ndiyo maana nikawapeleka kwa Alifiya, binti wa muuza vitambaa wa Mji Mkongwe, aliyegeuza ghala ya babake kuwa darasa la maigizo. Huwatibu walemavu kwa kuigiza. Mambo hayo aliyasomea Sri Lanka, kwa Wabudha, na siku ya kwanza akatueleza kwamba wao hufundisha mtu akae kwanza na maumivu ya mwenziwe, asikimbilie kuyaondoa.

"Wanasali vipi hao?" Mwanakheir akauliza.

"Hapa hatusali, Bi Mwanakheir. Tunakaa kimya, tunavuta pumzi tu."

"Pumzi nnavuta tangu kuzaliwa. Sikuhitaji kuja mpaka huku."

Na kimya chenyewe kiko wapi? Ghala iko uchochoroni, mlango wazi kwa ajili ya joto. Tulikuwa tukifumba macho tu, mtu anapita: "Asalaam alaykum!" Salamu haiachwi, darasa zima likaitikia. Mzee Mwalim, mwenzetu wa darasani asiyeona, akamtambua mpitaji kwa sauti, akamuulizia mkewe, wanawe, na mguu wake uliovunjika. Alifiya akashika kichwa. Nami nikashika changu.

Kisha ukaja mchezo wa kubadilishana nafasi. Mwanakheir akakalishwa kwenye kiti cha magurudumu, awe Zuleikha. Zuleikha akawekwa kwenye benchi, awe mama. Zuleikha akaomba kanga.

"Mimi nna..." Mwanakheir akaanza. Akapanguswa mdomo.

"Ngoja basi nise..." Akapanguswa tena, kwa mkono unaotetemeka lakini usiokosea.

Watu wakacheka mpaka Mzee Mwalim akadai asimuliwe. Mwanakheir hakucheka. Njia nzima mpaka nyumbani alifoka kwamba nimempeleka akadhalilishwe na Wabudha. Nikamwambia hakuna Mbudha hata mmoja pale. Wapo Waislamu tu waliochoka naye.

Haukupita muda, Zuleikha akaposwa na mtu wa Bububu aliyefiwa na mkewe. Ami yake, Mbarouk, ndugu wa marehemu babake na ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwoza, akaja kumuuliza. Kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndicho ridhaa. Husemwa anaona haya. Lakini Zuleikha neno lake la kwanza huchukua muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Nikaona ndio basi, mtoto ataozwa kabla hajapata pa kuanzia.

"Zuleikha mwanangu, umeposwa. Umeridhia?"

Shingo ya Zuleikha ikaanza kuhangaika. Mbarouk akangoja kidogo, kidogo mno, akavaa kofia yake aliyokuwa ameiweka gotini.

"Alhamdulillahi, kanyamaza. Nnakwenda kuwapa habari."

Mkono wa Mwanakheir ulikuwa umeshashika pembe ya kanga. Nikajua sasa atampangusa na kumjibia, yale yale ya siku zote, na wallahi nilitaka kumpiga kofi. Lakini aliikunja ile pembe, akaikalia.

"Kaa, shemegi. Hajajibu."

"Si kanyamaza?"

"Anatafuta neno. Kaa."

Tukakaa. Mlangoni watu walipiga hodi wakitaka vitumbua, na Mwanakheir, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuitikia. Mate yakamshuka Zuleikha mpaka kidevuni. Mamake akayatazama tu, machozi yakimlengalenga. Mbarouk akahema, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"A... aje," Zuleikha akasema. "Aje... mwenyewe."

Mbarouk akataka kuinuka. Mwanakheir akamtolea macho.

"Akiweza... kuningoja... hivi," Zuleikha akaendelea, "nta... ntamjibu."

Mbarouk akatugeukia sisi, jasho linamtoka. "Sasa ndiyo nini hiyo? Kakubali au kakataa?"

Mwanakheir akafungua mdomo amfafanulie. Zuleikha akanyoosha mkono kuifuata kanga ya mamake, na mdomo ukajifunga wenyewe.