Mama Alipojifunza Baiskeli Katika Bustani ya Mji

Nikisikia harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa asubuhi, hucheka peke yangu. Wenzangu wa kazini hapa Ruangwa hunishangaa, nami naona aibu kuwaeleza kuwa namwona mama yangu yumo ndani ya michongoma, miguu juu, suruali ya baba ikichungulia chini ya kitenge.

Ilikuwa Nachingwea, miaka ya tisini, nami nina miaka tisa. Bibi, mama yake mama, aliishi Nambambo, na mguu ulimvimba hata kisimani hafiki. Mama alikwenda kwa miguu kumchotea maji, akarudi giza limeshaingia. Baba alikuwa na baiskeli. Kila mara alisema, "Nitakupeleka Jumapili," na Jumapili zikavuja kama ufuta kwenye gunia bovu. Mama alipotaka kujifunza mwenyewe, baba alicheka mpaka akakohoa.

"Hiyo ina chuma katikati, Mama Zuhura. Kitenge utakiweka wapi?"

Basi mama akachagua bustani ya mji, Ijumaa mchana, baba na wanaume wengine wakiwa msikitini. Palikuwa na nyasi laini, mawaridi yaliyobabuliwa na jua, viti vinne vya saruji, na kibao: USIKANYAGE MAJANI. Mtunza bustani, Bwana Chitanda, alikuwa mkali. Sisi watoto tuliamini hata kunguru walimwomba ruhusa kabla ya kutua. Mama alisahau jambo moja tu. Bwana Chitanda, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, alikuwa Mkristo. Ijumaa hakuwa na pa kwenda.

Kazi yangu ilikuwa kushika keria na kukimbia. Nilishika, nilikimbia, nikaachia. Mama alikatiza nyasi zote, akapita juu ya mawaridi, akaishia kwenye uzio wa michongoma.

"Mama! Kibao hukukiona?" Bwana Chitanda alitokea na fyekeo mkononi.

"Nimekiona, kaka yangu. Kusimama ndiko sikujui."

Niliogopa atatupeleka ofisini kwao. Akauliza baiskeli ni ya nini kwa mtu mzima. Mama, huku akijichomoa miiba, akamweleza habari za bibi na mguu wake. Bwana Chitanda akaweka fyekeo chini. Kisha akanisogeza pembeni, akashika keria yeye.

"Tazama mbele. Ukitazama michongoma, utaingia michongomani."

Tulirudi Ijumaa mbili zaidi, na kila tulipoondoka alibaki akifuta alama za tairi kwa reki, akinung'unika Kimakonde. Ijumaa ya nne aliachia bila kusema. Mama akazunguka bustani nzima akiongea naye, akidhani yuko nyuma. Alipomwona amekaa kitini anamenya chungwa, alipiga yowe, lakini hakuanguka.

Wiki iliyofuata akaenda Nambambo. Baba alirudi kutoka msikitini, akakuta baiskeli haipo. Alikuwa bado barabarani anawauliza majirani kama wamemwona mwizi, mama akatokea, jua lingali juu, mihogo ya bibi kwenye keria.

"Nani kakufundisha?"

"Nimekanyaga majani," mama akajibu.

Majirani hawakuelewa, lakini walicheka. Baba alijikaza, kisha naye akashindwa. Toka siku ile, yeye ndiye aliyekuwa akiomba: "Mama Zuhura, leo baiskeli unaitumia?"

Bwana Chitanda hakuwahi kumwona bibi. Hata hivyo, kila alipokutana na mama, kabla ya salamu nyingine, aliuliza, "Mama yako hajambo?" Nilidhani ni mazoea tu ya watu wazima, kuulizia wasiowajua. Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponiambia kwamba yule bwana alivuka mto Ruvuma wakati wa vita akiwa kijana, akamwacha mama yake ng'ambo, na hakupata tena habari zake. Ndipo nilipoelewa kwa nini mtu aliyetukataza hata kukalia nyasi zake aliziacha zikatwe na tairi Ijumaa nne nzima. Na kwa nini, mama alipomjibu, "Hajambo, anakusalimu," uso wote ulimfunguka, kama aliyeletewa salamu za mama yake mwenyewe.