Zima Giza Kwanza

Bi Biubwa alitolewa Tanga kuja Johannesburg kwa kazi moja tu: kumkanda Zubeda, binti wa mdogo wake, aliyejifungua katikati ya baridi ya Julai. Kumkanda mzazi ni maji ya moto, asubuhi na jioni, mpaka arobaini itimie. Sasa nyumba yetu ya Troyeville ni ya zamani, tumepanga humo watu wa kila nchi, na maji ya moto yanatoka kwenye pipa la umeme lililolala darini. Asubuhi yanachoma. Umeme ukikatwa mchana, jioni yanatoka vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Na jiko nalo ni la umeme huo huo.

"Joto lenyewe linaenda wapi?" alituuliza.

Hakuna aliyejua. Basi akamfuata paka. Baridi ikizidi, paka wa nyumba alikuwa anapotelea darini. Bi Biubwa akafunga kanga kiunoni, akapanda ngazi, akamkuta amejikunja juu ya pipa. Akaweka kiganja. Bati la nje lilikuwa la moto.

"Kumbe tunampashia paka," akasema aliposhuka. "Pipa liko uchi lile."

Akampigia simu Placide, fundi umeme Mkongo anayekaa chumba cha uani. Siku hiyo alikuwa kazini Soweto.

"Placide, mwanangu, nataka kulivisha lile pipa blanketi."

"Ni muzuri, maman. Lakini zima giza kwanza. Umesikia? Zima giza."

"Nimesikia."

Hapa Joburg lile pipa kila mtu analiita giza, ndivyo "geyser" ya Kiingereza inavyotamkwa huku. Bi Biubwa hakuwa na habari. Kwake giza ni giza. Akaona Wakongo nao wana maneno yao, akawasha tochi, akapanda na blanketi zito la kulalia. Akalizungushia pipa lote, akakaza kamba, hakuacha hata tundu.

Placide aliporudi aliangalia kwanza boksi la swichi ukutani.

"Maman, nilisema uzime giza."

"Si nimezima? Nilipanda na tochi."

Placide alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanusa. Kulikuwa na harufu kama ya nywele zinazoungua. Kicheko kikaisha hapo hapo. Akashusha swichi, akapanda mbio. Kifuniko cha nyaya za pipa kilishadondoka miaka mingi iliyopita, na blanketi lilikuwa limeanza kubabuka pale lilipozigusa.

"Ungekufa, maman. Na nyumba ingewaka na ule mutoto ndani."

Bi Biubwa akashika kifua. Kisha akauliza, "Kwa hiyo tusilivishe?"

"Tutaivalisha. Lakini nguo yake."

Kesho yake Placide alishusha swichi, wakaacha pipa lipoe. Akafunga kifuniko kipya, akaleta blanketi la pamba ya kioo lenye mgongo wa karatasi ya kung'aa. Pamba ile inawasha ngozi, kwa hiyo Bi Biubwa alivaa glavu za kuoshea vyombo, akajifunga mtandio puani. Akashika tochi na maswali.

"Hapa mbona umelikata?"

"Hapa njo kuko nyaya. Hatufunike."

"Na kibomba hiki?"

"Cha kutapika. Maji ikizidi moto, inatokea hapo. Ukikiziba, giza inapasuka."

"Giza inapasuka." Bi Biubwa akacheka peke yake ndani ya mtandio. "Nikisimulia hivyo Tanga, watasema nimerogwa."

Wakarudisha swichi. Asubuhi iliyofuata maji yalichoma kama kawaida, na mchana umeme ukakatwa kama kawaida. Jioni Bi Biubwa alifungua bomba la bafuni, akatia mkono, akautoa haraka. Akamwita Zubeda, naye akagusa kwa ncha ya kidole.

"Mama mkubwa, haya yanaunguza."

"Ndiyo yanavyotakiwa. Kaa."

Akachota kopo la maji ya baridi, akaongeza kidogo kwenye beseni, akakunja mikono ya gauni.