Wanaolipia Bahasha

Kwenye kituo cha eksirei alikofanya kazi walimwita Vuta Pumzi, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili maneno yake kwa wagonjwa yalikuwa hayohayo: vuta pumzi, ishike, haya, achia. Hakuongeza neno, kwani hakuona kilichostahili kuongezwa. Aliwadharau wote, na dharau yake alikuwa ameigawa vizuri kabisa, kila mtu na fungu lake.

Fungu nono lilikwenda kwa mwenye kituo, bwana mmoja wa maneno mengi aliyebandika ukutani bei ya picha ya kifua, kisha bei yenyewe akaiacha iwe pambo. Mwenye bima alitozwa elfu sitini, maana bima hailalamiki. Aliyetumwa na mwajiri mpya alitozwa hamsini, kwa kuwa mtu anayetafuta kazi habishani. Aliyeandikiwa na daktari wa mtaa wa pili alitozwa arobaini na tano, na kumi katika hizo zilimrudia daktari huyo jioni ndani ya gazeti lililokunjwa. Aliyejikokota mwenyewe, bila barua, akauliza kwa sauti ya chini, aliambiwa thelathini. Wote hao walisimama mbele ya ubao mmoja, wakaegemeza kidevu pale palepale palipopauka kwa videvu vya watu, na mashine ikawamaliza kabla hujapiga chafya.

Juu ya hao wote walikuwapo watu wa picha maalumu. Hiyo ilikuwa elfu themanini, na umaalumu wake ulikuwa kiti chenye mto na bahasha ngumu yenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Vuta Pumzi aliwatazama wakitoka wameibana kwapani kama shahada ya chuo, akacheka kimoyomoyo. Mwizi angalau anajua anachokifanya, alisema, lakini huyu anayeibiwa huku anashukuru tumwite nani?

Kila Jumapili aliyapeleka haya nyumbani kwa kaka yake, fundi wa kujenga aliyeishi kwenye vyumba viwili na mkewe na mjukuu wao wa kike wa miaka minne. Huko Vuta Pumzi aliwavunja watu mbavu. Alimwigiza dada wa dirishani akimpima mteja kuanzia viatu hadi saa ya mkononi kabla ya kutaja bei. Alimwigiza na mteja mwenyewe akijifanya hajashtuka. Mwishoni alitoa hukumu yake, kwamba picha ni picha, mashine haijui umelipa ngapi, na hao wote wanalipia bahasha.

Alisema kweli, lakini ilikuwa kweli ya mpiga domo, maana kitu kimoja alikiruka. Katika bei zile zote, elfu kumi na tano hazikuwa wizi. Zilikuwa za daktari bingwa aliyekaa na picha kila jioni, akazitazama moja moja, akaandika alichokiona. Vuta Pumzi hakumtaja kwa sababu alimchukia. Daktari huyo alikuwa kijana aliyeingia kazini juzi, akamwita yeye mzee, akamrudishia picha zilizotikisika azipige upya. Vuta Pumzi alikuwa ameona mapafu mengi ya watu kuliko yeye, lakini hakuruhusiwa kuandika hata mstari. Kukiri kwamba jicho la yule kijana lilikuwa na thamani yake kulimshinda.

Majirani nao walikuwa na fungu lao. Waliomletea picha mlangoni aliwajibu kupitia upenyo wa mlango, bila kuitazama bahasha, kwamba yeye hupiga, hasomi. Wakirudi mara ya pili hakufungua.

Kisha kaka yake akaanza kukohoa. Fundi alisema ni vumbi la saruji, kama mafundi wote wanavyosema. Shemeji alipomlalamikia Vuta Pumzi kwamba wiki ya tano imeingia na kikohozi hakijapoa, Vuta Pumzi aliendelea kula na kujibu kwamba aende akapigwe picha popote pale, ila asikubali kuibiwa.

Kaka hakukubali kuibiwa. Alizunguka sehemu tatu akiuliza bei, akatua kwenye chumba kimoja nyuma ya stendi, chenye mashine kuukuu, ambako picha ilikuwa elfu kumi na mbili. Binti wa mapokezi alimwonyesha karatasi ukutani: ripoti ya daktari inalipiwa kando, elfu kumi na tano. Kaka alimcheka. Alichukua picha yake, akaifikisha nyumbani, akaiweka juu ya kabati. Alingoja aitwe. Siku zilipita bila simu, naye akajipa jibu mwenyewe, kwamba kama kungekuwa na ubaya wangemwambia. Aliendelea kubeba matofali miezi mitatu.

Jumapili moja Vuta Pumzi aliona kola ya shati la kaka yake imekuwa pana kwa shingo. Alimuuliza kuhusu picha. Kaka alisema alipiga zamani, na ni safi.

"Nani amekwambia ni safi?"

"Hakuna aliyesema kitu," kaka alijibu.

Bahasha ilishushwa na vumbi lake. Vuta Pumzi aliiweka picha kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa picha nzuri, na aliyeipiga aliijua kazi yake. Juu kulia palikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu, limezungukwa na ukungu mweupe, na upande wa pili madoadoa yalikuwa yameanza kushuka. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angekiona kifua kikuu kile. Ila picha ile haikuwa imesomwa na mtu yeyote.

"Kwa nini hukuniletea, kaka?"

"Wewe si hutaki picha mlangoni kwako? Nikaona nisikusumbue," kaka alisema, bila kinyongo chochote. "Ile ripoti nayo niliikataa. Nilimwambia yule binti, mdogo wangu ndiye mpiga picha, najua mnavyokula watu."

Alisema hivyo kwa majivuno, kama mtu aliyefaulu mtihani. Vuta Pumzi alitafuta wa kumdharau na hakumpata mwingine mle chumbani zaidi yake mwenyewe. Aliuliza nani analala humo.

"Mimi na shemeji yako. Na mtoto, tangu mama yake aende kazini mbali. Analala katikati yetu."

Jumatatu asubuhi aliwapeleka wote watatu kituoni. Dada wa dirishani alimwambia kwa wafanyakazi bei ni nusu, bila ripoti. Vuta Pumzi alilipa na ripoti zote tatu na hakungoja chenji. Picha ya shemeji ilikuwa safi. Mtoto alisimamishwa juu ya kibao ili kidevu kifike, na babu yake huyu mdogo akamshika mabega, kwa kuwa hakuelewa kushika pumzi ni kufanya nini.

Hakungoja jioni. Aliichukua picha ya mtoto ikiwa bado ya moto, akabisha mlango wa yule kijana, akamwita daktari kwa mara ya kwanza, akamwomba aisome sasa hivi. Kijana aliitazama kwenye taa kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia.

"Mzee, wewe umeona nini?"

Miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Tezi za ndani ya kifua zimevimba," alisema. "Upande wa kulia. Babu yake amemwambukiza."

Daktari alivuta karatasi, akayaandika maneno hayohayo, wala hakuyasahihisha.