Siku Seva Iliponitaja Mimi

Naombeni msinicheke kabla sijamaliza, maana mpaka leo nikianza kuisimulia hii habari masikio yanapata moto, na kibaya zaidi sina wa kumlaumu, nilijianika mwenyewe, mbele ya ofisi nzima, tena watu wametoka kusali!

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye ushirika wa wakulima wa parachichi hapa Iyunga, Mbeya (kwetu ni Kihesa, Iringa, huku nimeletwa na kazi), na wakati huo nilikuwa namalizia kipindi cha majaribio, wiki hiyo hiyo meneja anatakiwa aamue kama nathibitishwa kazini au narudi Kihesa kukaa kwa mama na ndevu zangu hizi. Sasa seva ya ofisi, ile kompyuta kubwa ambamo wote tunahifadhi kazi zetu, ikawa imejaa, imejaa kabisa, mtu akitaka kuhifadhi barua ya ukurasa mmoja inamkatalia.

Mimi kichwani mchawi nilishamjua! Mama Tusa, mhasibu wetu, ambaye pia ni katibu wa kwaya, kila Jumatatu ananiletea flashi, "Mwanangu, niwekee na hii kwenye seva, ni video ya kwaya, lile tamasha la Mbalizi," na mimi naweka, kwa sababu mchana ndiye anayenigawia ndizi zake za kupika na mtu wa majaribio hagombani na chakula. Na si yeye peke yake, ofisini kwetu hakuna anayejihangaisha kuhamisha mafaili, ukiwa na kitu unampa fundi flashi, fundi anaweka, maisha yanaendelea.

Ningemwita pembeni tu nikamwambia, mama, tupunguze hizi video, yangeisha. Lakini nilitaka meneja anione! Nikawasha kipimo kinachochora chati ya nani ametumia nafasi kiasi gani, nikaweka na kikomo, kwamba Jumatatu wakati wa matangazo akaunti yoyote iliyozidi ijifunge yenyewe, wote washuhudie. Chati yenyewe wala sikuichungulia (ya nini, wakati mchawi namjua?).

Jumatatu tukasali, tukaimba, kama ilivyo desturi ya ofisi, meneja akasema, "Fundi ana neno." Nikasimama na shati langu jipya, projekta inawaka ukutani, nikajikohoza kama mgeni rasmi.

"Ndugu zangu, humu ndani kuna mtu ameifanya seva ghala la nyumbani kwake. Mimi simtaji. Chati itamtaja."

Mama Tusa wa watu akainamisha kichwa. Nikabonyeza.

Jamani! Mama Tusa kamstari kadogo, meneja kamstari kadogo, kila mtu kamstari kadogo, halafu mstari mmoja mwekundu umetoka ukutani upande huu mpaka upande ule, na jina lililoandikwa pale ni langu!

"Eee!" dereva akapaza sauti kutoka nyuma. "Huyo si ndiye fundi mwenyewe?"

Ofisi ikapasuka kwa kicheko. Kumbe seva haiangalii faili ni la nani, inaangalia nani ameliweka, na flashi zote zile nilikuwa naweka kwa akaunti yangu! (Chuoni nilifundishwa, kwenye mtihani likaja, nikalipata.) Mwenye akili angekaa chini. Mimi nikasema, "Chati imekosea, ngoja niwaonyeshe," nikafungua faili kubwa kuliko yote lenye jina langu, nikijua sura itakayotokea ni ya Mama Tusa.

Ikatokea video ya tamasha la Mbalizi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na aliyesimama mbele ya kwaya ni mimi! Nilikuwa nimeombwa nisaidie siku ile, na hapo ndipo ninapoanza kuimba kabla ya kinanda, kwa sauti ya ndama, nanyamaza, namwangalia mwalimu wa kwaya, naanza tena, nakosea tena! Nikakimbilia kuifunga, ikagoma, kwa sababu saa ya kile kikomo changu ilikuwa imefika na akaunti iliyozidi imejifunga, yaani yangu, na mimi nimeganda pale ukutani mdomo wazi.

Meneja hakucheka. "Ripoti ya wanunuzi niliyokupa uniwekee iko wapi? Inatakiwa iende kabla ya mchana."

"Iko... kwangu, bosi."

"Fungua."

Sikuweza. Ikabidi nimpigie dada Neema, fundi wa tawi letu la Iringa, ndiye mwingine pekee mwenye uwezo wa kufungua, na meneja akataka simu iwekwe sauti kubwa.

"Kamwene kaka!" akanisalimia kikwetu. "Umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe?" akacheka weee, mpaka dereva naye akaanza upya. Akafungua, ripoti ikaenda, mimi nimelowa jasho na baridi yote ile ya Mbeya.

Meneja akanigeukia, nikajua safari ya Kihesa imeiva. Aliyesimama ni Mama Tusa. "Bosi, hizo flashi ni zetu. Kijana amekuwa akitusaidia sisi." Meneja akaniongezea miezi mitatu ya majaribio, nikashukuru kama niliyepandishwa cheo.

Mchana Mama Tusa akanisogezea sahani ya ndizi kama kawaida. Nikaisogeza kando kwanza. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Pale asubuhi nilikuwa nakusema wewe."

"Nilijua, mwanangu. Tangu Ijumaa ulikuwa huniangalii usoni. Kula, zinapoa."

Nikala huku machozi yananilenga, na nikaapa pale pale, nikiwa na neno na mtu, nitamfuata mezani kwake nimwambie yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini. Na kwenye kwaya sisaidii tena, hata wapige magoti.