Kabla Macho ya Nekesa Hayajafifia

Wenzangu mlioanika betri juu ya bati ili zirudishe nguvu, njooni tuongee. Hawa wa siku hizi, ambao simu ikibaki na chaji kidogo wanatetemeka kama wagonjwa wa malaria, hawatanielewa, na sitawabembeleza.

Kwetu ni Bokoli. Likizo za wengine zilikuwa za kuvuna mahindi, kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kuiba miwa ya jirani. Sisi pia tulivuna, lakini mwaka ule baba alishikwa na kiwewe cha safari, na sababu ilikuwa dada yangu mkubwa, Nekesa. Alikuwa ameacha kuona ubao darasani. Daktari wa macho kule Kitale alimwambia baba kwamba macho yale yatazima, tena si mbali, na dawa hakuna. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba hakulia. Alikaza breki za baiskeli.

"Huyu mtoto lazima aone dunia ingali wazi," alisema, na kuanzia hapo hatukutulia tena.

Tulianza na maporomoko ya Nabuyole, Nekesa kwenye keria, mimi kwenye chuma cha mbele kinachoumiza makalio. Mto Nzoia, rangi yake kama chai ya maziwa, ulijitupa mwambani ukinguruma mpaka meno yakacheza kinywani. Kabla sijatazama vizuri, baba alikuwa ameshageuza baiskeli. Wiki iliyofuata ikawa milima ya Sang'alo, mawe makubwa kuliko nyumba yamepandana ovyo, utafikiri yalipangwa na watu waliokuwa wakigombana. Kila hatua baba alimuuliza Nekesa, umeona? Umeona vizuri? Naye alijibu ndiyo, hata pale nilipojua hajaona kitu. Mimi nilikuwa naona njaa tu. Tulikula viazi vitamu vya baridi tukiwa tunatembea, maana kuketi baba alikuona kama kupoteza mwanga.

Mwisho ukawa Mlima Elgon. Mjomba wetu alifuga ng'ombe huko Endebess, na desturi yao siku hizo ilikuwa kuwapeleka ng'ombe ndani ya mapango wakalambe udongo wenye chumvi. Hata ndovu walikuja, na alama za pembe zao zilikuwa ukutani. Maji yalidondoka mlangoni kama pazia. Ndani kulinuka popo na mavi ya ng'ombe, na baba alipowasha tochi, kuta zikametameta vijiwe kila upande. Jamani, nilisahau njaa.

Lakini betri zile baba alikuwa amezianika juani tangu juzi, kama tulivyofanya sote. Nekesa alikuwa amesogeza uso karibu kabisa na ukuta, anatafuta vijiwe, tochi ikawa nyekundu kama kaa linalokufa, kisha ikazima. Baba aliipiga pajani. Akazitoa betri, akaziuma kwa meno. Wapi! Giza lile hata mkono wako huuoni. Hapo ndipo nilipomsikia baba akilia kwa mara ya kwanza maishani mwangu, anasema hajamaliza kumwonyesha.

Mjomba, aliyekuwa ameingia nasi na ng'ombe wake, alituambia tusihangaike, ng'ombe wanajua njia. Ndipo Nekesa akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, kwani ni hivi tu? Si nawasikia nyote. Basi nitaweza."

Akashika mkia wa ng'ombe, mimi nikashika gauni lake, baba akanishika bega. Tukatoka. Baba hakutupeleka safari nyingine, na kabla mahindi ya mwaka uliofuata hayajabeba, macho ya Nekesa yalizima.

Leo yuko Kanduyi, ana mume na wajukuu, na anafuma sweta za shule kwa mashine. Mimi niko Kitale, na kiwewe cha baba nilikirithi chote. Nikipata siku moja ya nafasi nimeshafika Nabuyole au mlimani, kisha nampigia dada nimsimulie. Juzi niliwapeleka wajukuu wake pangoni. Waliwasha simu zao zote, pango likawaka kama ukumbi wa harusi, wakapiga picha nyuso zao wakiwa wamezipa kuta mgongo. "Kukhu, hapa network haishiki," wakaniambia mimi nyanya yao, na tulipotoka wakaulizia chipsi. Sisi baba alitukimbiza, na bado nakumbuka kila jiwe. Hawa hakuna anayewakimbiza.

Jioni nilimpigia Nekesa. Nikamwambia maji ya mlangoni yamepungua, msitu umerudi nyuma, mashamba ya viazi yamepanda juu. Nilisema mbiombio bila kupumua, na kesho yake nilikuwa nimepanga kwenda Sang'alo nikamwangalilie na huko. Aliniacha nimalize.

"Mdogo wangu," akasema, "keti basi. Mimi nilishaona."